Krapf: Mhubiri aliyezika mke na watoto wawili lakini hakuacha kuomba

USIKU wa kuamkia Julai 6, 1844, mwanamke aliyeitwa Rosine Krapf alijifungua mtoto msichana mjini Mombasa. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, alikuwa hoi kitandani kwa homa katika nyumba hiyo hiyo. Walikuwa wamekaa kisiwani kwa takriban miezi miwili tu.

Homa ile ikamwandama na mama mzazi. Siku zikafuatana, na maombi yakafuatana nazo, lakini mwili wa Rosine ulizidi kudhoofika. Alipotambua kwamba hatapona, aliwaombea jamaa zake walioko Ulaya, akamwombea mumewe, akaiombea Afrika Mashariki, na akamwombea pia Sultani wa Unguja, Sayyid Said bin Sultan, ili Mungu auelekeze moyo wake katika mema ya raia wake. Hatimaye alitoa wasia: asizikwe kisiwani bali avushwe hadi bara, ili wenyeji wapitao wakiliona kaburi lake wakumbuke sababu iliyowaleta wageni wale pwani.

Aliaga dunia Julai 13. Siku mbili baadaye mtoto naye akamfuata.

Krapf, ambaye hakuwa na nguvu za kusimama sawasawa, aliwazika wawili hao upande wa bara, mkabala wa kisiwa, katika eneo ambalo leo ni Nyali. Huyo hakuwa mtoto wake wa kwanza kumtia kaburini.

Kila aliyepitia darasa la historia nchini Kenya amewahi kukariri jina la Krapf. Huyo ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Huyo ndiye aliyefungua kituo cha kwanza cha misheni Rabai. Huyo ndiye aliyetunga kamusi ya Kiswahili. Yanapotajwa hivyo, mtu aweza kudhani kwamba hayo ndiyo aliyoyaomba. La hasha. Mambo yaliyompa sifa Krapf ni yale aliyoyafanya alipokuwa akingojea jambo jingine, na jambo hilo hakulipata hadi anaingia kaburini.

Krapf alizaliwa Januari 11, 1810, katika kijiji cha Derendingen karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani, katika familia ya wakulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jirani mmoja alimpiga kipigo kikali kwa kosa ambalo hakulitenda. Kijana aliugua akalala kitandani kwa muda wa miezi sita. Hakuwa na la kufanya ila kusoma, na kitabu kilichokuwa karibu kilikuwa Biblia. Visa vya akina Abrahamu na manabii vikamkaa moyoni.

Baadaye dada yake alitumwa mjini Tübingen kununua kalenda. Alikosea nyumba, akabisha hodi kwa mjane wa mhubiri mmoja. Mazungumzo ya hapo mlangoni ndiyo yaliyomfungulia kijana huyu njia ya kwenda shule ya Kilatini, ilhali alitarajiwa kushika jembe kama baba yake. Shuleni alisoma habari za safari za James Bruce nchini Uhabeshi, yaani Ethiopia ya leo, akavutiwa mno na ramani ya Afrika, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa nyeupe isiyo na jina lolote.

Mwaka 1827 alijiunga na chuo cha misheni mjini Basel, Uswisi. Hapo ndipo shaka ya kwanza ilipomvamia. Baada ya miaka miwili aliondoka chuoni, akiwa haamini tena kwamba Mungu alikuwa amemwita kwenda ng'ambo. Alisoma theolojia katika chuo kikuu cha Tübingen, akahitimu mwaka 1834, akawa mhubiri msaidizi katika vijiji vya kwao. Nako hakudumu. Alihubiri kwamba mwisho wa dunia umekaribia, wakubwa wake wakachukizwa, naye akajiuzulu.

Ni mmishenari wa Sweden, Peter Fjellstedt, aliyemrejesha katika wazo la zamani. Kupitia kwake Krapf aliajiriwa na shirika la misheni la Kanisa la Uingereza, CMS. Mwishoni mwa 1837 aliwasili Adwa, kaskazini mwa Ethiopia.

Hata miezi minne haikuisha. Machi 1838 makasisi wa huko waliwakataa wageni hao, na mtawala wa jimbo akawafukuza. Krapf alizunguka kupitia bandari za Bahari ya Shamu, akaingia tena Ethiopia kwa upande wa kusini, na mwaka 1839 akapokewa na Mfalme Sahle Selassie wa Shoa katika mji wake wa Ankober.

Huko Shoa ndiko alikokutana na Waoromo, watu ambao wageni wa enzi hizo waliwaita Wagala, jina ambalo wenyewe hawalipendi. Krapf aliwaona wengi, wenye nguvu, waliotapakaa kutoka nyanda za juu za Ethiopia hadi karibu na mto Tana. Akashikwa na imani kwamba taifa hili likipokea Injili, litaipeleka Afrika nzima. Alijifunza lugha yao, akaanza kutafsiri Injili kwa Kioromo, na tangu siku hiyo likawa ndilo ombi lake kuu: mlango wa kuingia kwa Waoromo ufunguliwe.

Mlango ulifungwa mbele ya macho yake. Mwaka 1842 aliondoka Shoa kwenda Misri kumpokea mchumba wake. Njiani aliingia katika himaya ya Adara Bille, chifu wa Waoromo wa Wollo, akapokewa kwa ukarimu kisha akawekwa kizuizini na kunyang'anywa kila alichokuwa nacho. Alifika pwani ya Massawa kama ombaomba. Watu aliowaombea usiku na mchana ndio waliomwacha na nguo za mwilini tu.

Mchumba aliyemngojea alikuwa Rosine Dietrich wa Basel. Hawakuwa wamewahi kuonana. Rosine alikuwa ameposwa na mmishenari mwingine ambaye alifariki kabla ya ndoa, naye akakubali kuolewa na Krapf kwa barua, jambo ambalo halikuwa la ajabu miongoni mwa wamishenari wa wakati huo. Walifunga ndoa mjini Alexandria mwaka huo huo wa 1842.

Walijaribu kurudi Shoa. Katika nyika iliyo nyuma ya Massawa, mbali na nyumba na daktari, Rosine alijifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike alibatizwa akapewa jina Eneba, maana yake chozi. Aliishi muda mfupi akafa. Wenyeji waliowaongoza hawakutaka kukaa mahali pale, na mama ikambidi aanze safari akiwa bado mgonjwa. Fauka ya hayo, Mfalme Sahle Selassie alikuwa amebadili nia, hakutaka tena wageni hao katika nchi yake. Ethiopia ikawa imefungwa.

Mtu mwingine angelirudi Ulaya. Krapf alitazama ramani, akaona kwamba Waoromo wangeweza kufikiwa kwa upande wa kusini, kupitia pwani ya Waswahili. Kwa maneno mengine, hakuja Mombasa kwa ajili ya Mombasa. Alikuja kutafuta mlango wa nyuma.

Novemba 1843 yeye na mkewe walipanda chombo mjini Aden. Chombo cha kwanza kilikumbwa na dhoruba, kikaingia maji nusura kizame, wakaokolewa na kurudi walikotoka. Walipanda kingine, na mapema Januari 1844 wakatia nanga Unguja. Sayyid Said aliwapokea kwa heshima, akampa Krapf barua kwa maliwali wake wa pwani, akimtambulisha kuwa mtu mwema na kuagiza atendewe mema. Mwezi Mei walihamia Mombasa.

Hapo Krapf alianza kujifunza Kiswahili kwa bidii ya ajabu. Mapema Juni alikwisha kuanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin. Inafaa jambo hili likumbukwe. Krapf aliandika mengi makali kuhusu Uislamu na kuhusu desturi za wenyeji, baadhi yake yakiwa ya kuudhi kuyasoma leo. Hata hivyo hatua ya kwanza ya Biblia ya Kiswahili ilipigwa mezani pa mwanachuoni Mwislamu aliyekubali kumfundisha mgeni lugha yake bila kinyongo. Sura tatu za mwanzo za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki, nazo ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa ya Kiswahili kupigwa chapa.

Mwezi mmoja baada ya kuanza kazi hiyo ndipo mauti yalipobisha mlangoni mwake.

Huenda msomaji akajiuliza mtu huyu alimwambia nini Mungu wake katika majuma yale ya Julai. Krapf aliacha kumbukumbu za kutosha kwa swali hilo kujibiwa, walau kwa sehemu. Hakujifanya kwamba hakuumia. Alikiri kwamba moyo na mwili vilitaka kulia. Pia hakudai kwamba ameonyeshwa sababu. Aliloandikia wakubwa wake wa London ni kwamba sasa pwani ya Afrika Mashariki palikuwa na kaburi moja la upweke la mmishenari, na kwamba hiyo ilikuwa ishara kuwa vita vimeanza katika upande huu wa dunia. Maadamu kanisa, kwa maoni yake, hupata ushindi kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake, aliwahimiza waone kwamba saa ya kuigeuza Afrika kutoka mashariki ilikuwa imekaribia.

Haya ni maneno mazito, na kuna wanaoyaona kuwa ya mtu aliyeikimbia huzuni yake kwa kujificha nyuma ya kazi. Pengine. Lakini ni lazima ikumbukwe kwamba aliyeyaandika hakuwa mhubiri aliyeketi salama akiwafariji wengine kwa misiba isiyomhusu. Alikuwa mgonjwa, peke yake, katika mji ambao hakuna mtu wa kwao aliyebaki naye, na barua yake ingechukua miezi mingi kufika.

Kwa takriban miaka miwili alikaa hivyo, akizuru vijiji vya Wamijikenda, ambao wakati huo waliitwa Wanyika, akikusanya maneno ya lugha na kuwaomba wakubwa wake wamletee msaidizi. Ombi hili lilijibiwa. Juni 10, 1846, Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake kutoka Württemberg, aliteremka Mombasa. Kabla ya siku nyingi kupita naye akaangushwa na homa.

Wazee wa Rabai walikuwa wamewakubalia wageni hao mahali pa kujenga katika kilima chao. Siku ya kuhamia ilipofika, Agosti 1846, wote wawili walikuwa na homa. Walikuwa na punda mmoja tu, wakawa wanampanda kwa zamu, mmoja akipumzika mgongoni na mwingine akijikokota kwa miguu kuupanda mlima. Ndivyo kituo cha kwanza cha misheni ya Kiprotestanti nchini Kenya kilivyofunguliwa. Katika ibada ya kwanza walihudhuria Warabai wapatao 15, ambao walisikiliza kwa adabu kisha wakarudi kwenye shughuli zao.

Miaka ikapita, na kanisa la Rabai likabaki na viti vitupu. Aliyekuwa wa kwanza kuamini alikuwa kilema aitwaye Mringe, mtu aliyedharauliwa na wengi, aliyependa kuketi na Krapf na kumwuliza maswali. Alibatizwa akiwa katika kitanda cha mauti. Kwa hiyo mtu pekee aliyejibu mahubiri ya Krapf kwa ubatizo hakuishi kuonekana kanisani. Kwa hesabu ya shirika lolote, hayo ni matokeo ya kufedhehesha.

Wasaidizi nao walikuja wakaanguka. Mwaka 1849 waliwasili Jakob Erhardt na Johannes Wagner. Wagner akafa katika muda wa majuma machache. Mwaka 1850 Krapf alikwenda Ulaya kueleza mpango wake mkubwa: msururu wa vituo vya misheni kutoka Mombasa upande wa mashariki hadi pwani ya magharibi ya Afrika. Alirudi 1851 akiwa na kundi jipya la wahubiri na mafundi. Christian Pfefferle akafa mwaka huo huo, na karibu wengine wote wakaugua au wakakata tamaa wakarudi makwao. Msururu wa vituo ulibaki kwenye karatasi.

Palikuwa pia na mvutano kati ya Krapf na Rebmann. Krapf alikuwa mtu asiyetulia mahali. Kila mara alitaka kusonga mbele, kwenda kuona nchi iliyo nyuma ya ile aliyoiona. Rebmann aliona heri kukaa Rabai, kulima moyo mmoja baada ya mwingine. Wote wawili walikuwa na hoja, na wote wawili walikuwa wakaidi.

Ajabu ni kwamba safari hizo, ambazo zilikusudiwa kutafuta njia ya Injili, ndizo zilizowapa jina katika elimu ya dunia. Mei 11, 1848, Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. Desemba 3, 1849, Krapf akiwa Kitui katika Ukambani, mgeni wa Chifu Kivoi, aliona vilele viwili vyeupe vya mlima ambao jina lake, alivyolisikia kwa Wakamba, ndilo lililokuja kuwa jina la nchi ya Kenya. Wataalamu wa jiografia wa Ulaya, wakiongozwa na William Desborough Cooley ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, waliwacheka kwa miaka mingi wakisema theluji haiwezi kuwako kwenye ikweta.

Safari ya pili ya Ukambani, mwaka 1851, nusura imalize maisha yake. Krapf alitaka kujenga kituo Yatta, lakini mahali hapo hapakufaa. Akaendelea hadi kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu, ambaye alimchukua kuelekea mto Tana. Karibu na mto walivamiwa na wanyang'anyi. Kivoi na watu wake wa karibu waliuawa, wengine wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake nyikani.

Usiku huo kiu ilimfikisha kwenye mto. Hakuwa na chombo cha kuchukulia maji, kwa hiyo alijaza mitutu ya bunduki yake na mkoba wa ngozi wa darubini, akaziba mitutu kwa nyasi. Mkoba ulivuja, na vichaka vikazichomoa zile nyasi mitutuni, maji yakamwagika. Alitembea usiku, akajificha mchana, akatafuna majani na kula alichokipata. Alipowafikia ndugu za Kivoi, walimwuliza kwa nini mgeni yu hai ilhali mwenyeji wake amekufa, nao wakaanza kupanga kumwua. Alitoroka usiku. Aliporejea Rabai, wenzake walikuwa wamekwisha kusikia habari ya kifo chake.

Katika maelezo yake ya siku hizo kuna jambo linalostahili kuangaliwa. Krapf anaeleza kuomba maji akayapata, na kuomba njia akaiona. Mtu huyu aliyeomba mkewe apone asipone, aliomba tena kama kwamba hakuwahi kunyimwa. Hakuwahi kueleza kwa nini ombi dogo la mfereji wa maji lilikubaliwa na lile kubwa la Julai 1844 halikukubaliwa. Yaelekea hakuona kwamba ni wajibu wake kulieleza.

Mwaka 1853 afya yake ilikuwa imevunjika kabisa. Aliondoka pwani, akajaribu mara moja tena kupita Ethiopia akashindwa, na mwaka 1855 akakaa katika mji wa Kornthal, jamii ya wacha Mungu karibu na Stuttgart. Alioa tena. Alikuwa na umri wa miaka 45, na nyuma yake palikuwa na miaka karibu 18 ya kazi, makaburi kadhaa, na waumini wasiotimia idadi ya vidole vya mkono mmoja.

Hata Ulaya hakutulia. Aliandika kitabu cha safari zake, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Wamethodisti wa Uingereza wakakisoma, wakamwomba awasaidie kuanzisha kazi Afrika Mashariki. Kwa hiyo alikuja tena Mombasa, na mwaka 1862 kituo cha Ribe kikaanzishwa. Yakajirudia yale yale: kati ya vijana wanne aliokuja nao, homa na kukata tamaa viliwaondoa watatu, akabaki Thomas Wakefield peke yake. Huyo mmoja alidumu kwa miaka mingi, na kutokana naye Kanisa la Methodist la Kenya lina asili yake. Krapf alijaribu kuikanyaga Ethiopia kwa mara ya mwisho kama mkalimani wa jeshi la Uingereza lililokwenda kumkabili Mfalme Tewodros mwaka 1868, lakini ugonjwa ukamrudisha kabla ya mwisho wa vita.

Wakati huo Rebmann alikuwa bado yuko Rabai. Alikaa Afrika Mashariki miaka 29 bila kurudi kwao. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kushughulikia biashara ya watumwa, alimkuta huko akiwa anapofuka, pamoja na Wakristo wa kuhesabika. Frere aliporudi alihimiza kuanzishwa kwa makao ya watumwa walioachwa huru, nayo yakajengwa katika nchi kavu mkabala na Mombasa, yakaitwa Freretown. Rebmann alirudi Ujerumani mwaka 1875 akiwa kipofu, akiongozwa na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo. Alikwenda kuishi Kornthal karibu na rafiki yake wa zamani, akafa mwaka uliofuata.

Kwa namna hiyo Freretown ilianzishwa si mbali na kaburi la Rosine. Kengele iliyokuwa ikiwaonya wakazi wake dhidi ya hatari ndiyo iliyoyapa jina maeneo ya Kengeleni. Waliotoka kwa mamia katika majahazi ya watumwa na kufundishwa hapo na Rabai ndio waliolijaza kanisa ambalo Krapf aliliacha tupu. Mwaka 1885 wawili miongoni mwa Waafrika waliokombolewa utumwani, William Jones na Ishmael Semler, waliwekewa mikono kuwa mashemasi na Askofu James Hannington. Mwishoni mwa miaka ya 1880, Rabai ilikuwa kimbilio la watumwa watoro wengi kiasi kwamba zaidi ya watu 1,400 katika vituo vya misheni vya pwani walinunuliwa uhuru wao kwa mkupuo mmoja.

Krapf hakuyaona hayo. Aliyaona mengine machache. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili, iliyoegemea lahaja ya Mombasa na kuhifadhi maneno na methali ambazo baadhi yake zingekwisha kupotea, ilikuwa ikitayarishwa kwa uchapaji alipofariki. Ilitoka London mwaka 1882. Wapenzi wa ushairi nao wana deni kwake, kwani mwaka 1854 ilikuwa ni kwa mkono wake kwamba hati za tenzi za kale, ukiwamo Utenzi wa Tambuka, ziliwekwa katika hifadhi ya wataalamu wa Ujerumani. Mhubiri aliyekuja kubadili dini ya watu ndiye aliyesaidia kutunza tungo za Kiislamu za pwani. Historia ina vioja vyake.

Na Waoromo? Katika miaka ya uzeeni Krapf alirudi kwao kwa njia pekee iliyobaki, yaani karatasi. Alihariri tafsiri za Biblia kwa Kioromo zilizoandaliwa na wenyeji, na katikati ya miaka ya 1870 Agano Jipya likapigwa chapa huko St. Chrischona, kando ya mji wa Basel. Hakujua ni nani angelisoma. Mwaka 1899, miaka 18 baada ya kifo chake, Biblia nzima ya Kioromo ilichapishwa mahali hapo hapo. Mtafsiri wake alikuwa Onesimos Nesib, Mworomo aliyeuzwa utumwani utotoni, akakombolewa Massawa na kusoma kwa wamishenari wa Sweden, akisaidiwa na binti Mworomo, Aster Ganno, ambaye naye aliwahi kuwa mtumwa. Leo Wakristo wa Kioromo ni mamilioni, na wengi wao wamo katika Kanisa la Mekane Yesus, mojawapo ya makanisa makubwa ya Kilutheri duniani. Mlango uliofunguka ulifunguliwa na wana wa nyumba wenyewe.

Novemba 25, 1881, jioni, Krapf alizungumza na rafiki yake habari za kurudi kwa Kristo, imani aliyokuwa nayo tangu siku zile za mahubiri yaliyomfukuzisha kazi ujanani. Kisha akaenda kulala. Asubuhi iliyofuata chumba chake kilikuwa kimya. Walipoingia walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Alizikwa Kornthal, katika makaburi alimolala Rebmann. Eneba yuko mahali pasipo alama katika nyika ya nyuma ya Massawa, katika nchi ambayo leo ni Eritrea. Rosine na binti yake wa pili wako Nyali, upande wa bara, kama alivyoomba.